Mchicha Kwenye Kinu cha Muhogo

Naitwa Hasina Amin, na kama umewahi kupita karibu na kampasi yetu ya Msambweni ukasikia mwanamke akigomba ndani ya jengo la Idara ya Biolojia ya Molekuli na Seli, ulikuwa ukinisikia mimi. Siombi radhi. Kazi yetu ni ya vitu visivyoonekana kwa macho, na mtu akifanya uzembe kwenye kitu kisichoonekana, nani atamkamata kama si mwenye mdomo?

Ijumaa ile niligomba mpaka mlinzi wa getini akaja kuchungulia dirishani.

"Dakta, kuna mwizi?" akauliza.

"Yupo," nikamwambia, "lakini si wako. Rudi getini kwako."

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya shamba la Mama Mbodze. Mama huyu ni mkulima wa upande wa Samburu, ile ya Kinango hapa hapa Kwale, ndani kidogo ukiiacha barabara kuu ya Nairobi na malori yake. Kule kumekauka, ng'ombe na mbuzi ndio wanaotamba, lakini yeye ana shamba la muhogo ambalo limesimama imara misimu mitatu huku mihogo ya majirani zake ikiozea ardhini. Ugonjwa unaowamaliza ni wa michirizi ya kahawia. Ukiutazama mti kwa juu wapendeza, majani yanakudanganya, kumbe ukichimba unakuta muhogo una madoa makavu ya kahawia ndani, haufai kwa mtu wala kwa mbuzi. Wa Mbodze ni mweupe pe. Mbegu yake aliachiwa na mama mkwe wake, nao huiita Nisitiri, kwa sababu mwaka wa njaa ndiyo iliyowasitiri.

Mimi ndiye niliyeigundua Nisitiri kwa upande wa chuo, na niseme bila haya kwamba niliipenda. Nilimwambia Mbodze kwa kinywa changu, "Mama, tukithibitisha kwamba haishiki ugonjwa, mbegu yako itapandwa Kwale nzima kabla ya mvua za masika." Akanipa mkono. Mtu akikupa mkono kule bara ya Kinango, hajakupa salamu tu, mmewekeana ahadi.

Sasa Ijumaa ile Beryl akaniletea majibu. Beryl ni mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, msichana wa kutoka Siaya, mwepesi wa akili na mkaidi kama mimi, ndiyo maana tunapendana na ndiyo maana tunagombana. Jana yake, Alhamisi, alikuwa amepima mashamba manne. Namna ya kupima si ngumu kuieleza. Tunasaga majani kwenye vinu vidogo vya kauri, tunayakamua, tunayasafisha maji yake, halafu mashine inatafuta kama mna virusi. Vikiwemo, mstari unapanda kwenye skrini. Visipokuwemo, mstari unalala. Mashamba matatu, mstari ulilala. Shamba la Mbodze, mstari ukapanda.

"Si kweli," nikasema.

"Dakta, mimi sijakosea," Beryl akasema. "Nimefanya vile tunafanyanga siku zote. Hata yale maji matupu niliweka kwa mashine, yakatoka safi."

"Maji yanapita kwenye mashine tu. Hayapiti mikononi mwako wala kwenye vinu vyako!"

"Kwa hivyo ni mikono yangu?"

"Mikono ya nani basi? Yangu?"

Hapo ndipo mlinzi alipokuja kuuliza habari za mwizi, na hapo ndipo Profesa Kahindi alipotoka ofisini kwake, miwani ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso. Profesa Kahindi Garama ndiye mkuu wa idara. Hajawahi kunipazia sauti hata siku moja, na hilo hunikera kuliko kama angenipazia. Alitusikiliza wote wawili mpaka pumzi zikatuishia.

"Hasina," akasema, "makubaliano yetu na wakulima ni yapi?"

Aliyajua. Alitaka niyaseme mimi. Mkulima yeyote wa mradi, shamba lake likikutwa na virusi, litang'olewa lote na kuchomwa moto, maana inzi weupe hunyonya mti mgonjwa wakauambukiza mzima, na maana jirani akiomba mbegu hanyimwi. Wakulima walikubali hivyo siku ya kwanza, na Mbodze alikuwa wa mbele kukubali.

"Nipe ruhusa nikachume majani mapya," nikamwambia. "Nitapima mwenyewe, kesho."

"Halafu?"

"Halafu yatakuwa safi!"

"Na yasipokuwa safi utapima tena, na tena, mpaka yakubaliane nawe." Akatikisa kichwa. "Wewe mwenyewe ndiye unayewafundisha watoto hawa kwamba kipimo hakirudiwi kwa sababu jibu limekuudhi. Hiyo si sayansi tena, ni ramli. Nionyeshe kwanza kosa liliingilia wapi. Ukinionyesha, nitamzuia afisa wa kilimo papo hapo. Usiponionyesha, Jumatatu isiyo hii inayokuja, shamba litang'olewa."

Nilimtazama kwa hasira, nikamtazama tena, nikaona ana haki. Hakuna kitu kinachochoma roho kama kukasirikia mtu mwenye haki.

Idara yetu ina desturi moja ambayo sijaiona kwingine: majibu hayatumwi kwa simu. Mkulima aliyetupatia jani lake hufuatwa kwake, akaambiwa ana kwa ana na yule yule aliyelichuma. Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa Samburu, nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya Mbodze, nimepewa uji, na ulimi umekuwa mzito. Mimi, Hasina, ulimi mzito!

Nilimwambia yote. Hakulia wala hakunitukana. Alikwenda shambani, akarudi na muhogo mmoja, akaupasua kwa panga mbele yangu. Mweupe pe.

"Naona, mama," nikasema. "Lakini ugonjwa huu unaweza kuwa kwenye jani kabla haujashuka kwenye mzizi. Mashine inauona mapema."

"Mashine yenu inasema hivyo. Na wewe wasemaje?"

"Mimi nasema mashine imeona virusi. Imeviona wapi, hilo sijui."

"Shamba hili ndicho chakula chetu mpaka mahindi yatakapokomaa, kama yatakomaa," akasema. "Wakiling'oa, wajukuu wangu watakula nini? Nawe ulinipa mkono."

"Nilikupa mkono, na sijauondoa."

"Haya, mwanangu. Nenda ukatafute. Mimi nipo."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiwaza, na nilipofika Ukunda nilikuwa nimekwisha jua la kufanya. Nikashuka, nikaingia sokoni, nikanunua mchicha.

Usicheke. Mchicha hauugui ugonjwa wa muhogo, hauwezi. Nikiusaga mchicha kwenye vinu vile vile, kwa mikono ile ile ya Beryl, na mashine ikasema una virusi vya muhogo, basi havikutoka kwenye mchicha. Vimo humu humu nyumbani mwetu. Profesa alipenda wazo hilo mpaka akashusha miwani machoni. Beryl hakulipenda hata kidogo.

"Dakta anataka kuniaibisha na mboga," akawaambia wenzake. Nilimsikia.

Jumanne asubuhi tukausaga. Nilisimama nyuma ya mgongo wake muda wote, namhesabia pumzi. Nitasema ukweli: yule msichana ana mikono safi kuliko daktari wa upasuaji. Alibadilisha glovu kila hatua. Vinu vilikuwa vimeoshwa, vimechomwa kwenye tanuri la maabara, vimepozwa. Tukaweka kwenye mashine, tukangoja. Mstari wa kwanza ukalala. Wa pili ukalala. Wa tatu, wa nne, yote imelala chali.

"Mchicha uko sawa kabisa, Dakta," Beryl akasema. "Sasa tunaweza kuupika?"

Maabara nzima ikaangua kicheko. Mimi nikatoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya jengo, nikalia kidogo kwa hasira, nikajipangusa na ncha ya mtandio. Sikuwa na shaka na Mbodze, hapana. Nilikuwa na shaka na akili yangu. Kosa lilikuwepo, nilikuwa na yakini nalo, lakini lilikuwa limenizunguka nyuma likanikalia kimya.

Jioni Beryl akanifuata ofisini.

"Dakta, pole kwa kukucheka."

"Nawe pole kwa kukusingizia. Mikono yako haina kosa, na nitalisema hilo mbele ya wote."

Akakaa. "Lakini kama si mimi, na vinu viko safi, basi shamba liko na ugonjwa. Ama?"

"Ama kuna jambo ulilolifanya Alhamisi ile ambalo leo hatukulifanya."

Akafikiri. "Hakuna. Kila kitu ni vile vile. Ni siku tu ndiyo tofauti."

Lile neno nililichukua nikalala nalo.

Alhamisi kwetu si siku kama siku nyingine, na hapa lazima nieleze. Wakulima wanaotupatia majani hutupatia na zawadi: muhogo, nazi, maembe, mara kuku aliyefungwa miguu. Pwani hii zawadi hairudishwi, na ukiirudisha usitie mguu tena kwa mtu huyo. Basi Profesa Kahindi alianzisha mlo wa Alhamisi. Mikeka inatandikwa kwenye baraza ya nyuma, na idara nzima inakula sahani moja, kuanzia anayefagia hadi anayefundisha. Ni hapo ndipo mwanafunzi aliyekwama husaidiwa, na waliokosana hupatanishwa. Wageni kutoka vyuo vikubwa huja wakaona mashine zetu mbili za kuungaunga, wakauliza tunawezaje kufanya kazi tunayoifanya. Sisi huwaambia wakae mkekani kwanza.

Kila Alhamisi pia, hata wakulima wasipoleta kitu, muhogo haukosekani, kwa kuwa mama yangu, Bi Mwanaima, huniletea kikapu asubuhi. Shamba lake lipo hapa hapa Msambweni, mwendo mfupi kutoka kampasi. Na anayemenya ni Profesa mwenyewe. Hakubali mtu mwingine ashike kisu. Anasema mkuu wa idara akishindwa kuwamenyea watu wake muhogo, atawaweza kwa lipi?

Alhamisi hiyo nilimfuata. Bomba la jikoni lilikuwa limekauka tangu mwezi uliopita, fundi anakuja na kuja na hafiki, hivyo Profesa alikuwa akimenyea kwenye sinki la chumba cha kuoshea vyombo vya maabara. Sote tulijua. Sote tulikuwa tumempita pale tukamwamkia shikamoo. Hakuna aliyeona neno, mimi nikiwa wa kwanza, na shahada zangu zote hizi.

Alikuwa amekunja mikono ya shati, anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani. Kando ya sinki pana kichanja cha waya, na juu ya kichanja, vikipozwa baada ya kutoka kwenye tanuri, vilikuwa vinu vinne vya kauri, midomo juu. Beryl angevichukua baada ya chakula, kama kila Alhamisi. Nikasimama mlangoni. Profesa akaukata muhogo kati, akakuta kidoa cha kahawia. Akakichokoa kwa ncha ya kisu kama tufanyavyo sote majumbani mwetu, kipande kibaya unatupa, kizuri unatia chunguni. Akaufungulia maji. Maji yakapiga kwenye muhogo, yakaruka, nami nikayaona matone yakitua kwenye kinu cha mwisho.

"Profesa," nikasema, "usisogee!"

Akaganda na kisu mkononi. Alidhani kuna nyoka.

Nikamwita Beryl kwa ukelele mmoja. Alipofika nilimwonyesha kwa kidole tu: muhogo, kidoa, bomba, kinu. Akaweka mkono mdomoni.

"Alhamisi ile," nikamwuliza, "jani la Mbodze ulilisagia kwenye kinu gani?"

"Nilianza upande wa mlango," akasema polepole. "La Mbodze lilikuwa la mwisho. Hicho hapo, cha sinki."

Kuna furaha moja humjia mtafiti mara chache maishani, nayo ilinijia pale, nikataka kumkumbatia Profesa pamoja na kisu chake. Lakini nyuma ya furaha ile palikuwa na jambo jingine, na nililiona wakati huo huo. Nilijua kikapu ni cha nani. Muhogo wenye kidoa ulitoka shamba la mama yangu. Nikaliweka pembeni. Kwanza Mbodze.

"Lete mchicha," nikamwambia Beryl.

Hakuna aliyekula mchana ule. Beryl alisaga mchicha kwenye vinu vile vinne kama vilivyo, bila kuvigusa kwa maji. Idara nzima ilikuja kusimama kwenye skrini, mpaka mama anayefagia na mlinzi wa getini, ambaye alikuwa amekwisha kuona kwamba mwizi huyu ni wa wote. Mistari mitatu ikalala. Wa nne ukaanza kulala, ukasita, ukainuka, ukapanda.

"Mchicha uko na ugonjwa wa muhogo!" Beryl akapiga kelele, na safari hii kicheko kilikuwa cha wote.

Profesa Kahindi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mimi," akasema. "Ni mimi niliyekaribia kuling'oa shamba la yule mama, kwa kisu cha jikoni." Halafu akatoa simu, mbele yetu sote, akampigia afisa wa kilimo akamwambia kosa ni la idara, na ndani ya idara ni lake. Nimefanya kazi na wasomi wengi. Wenye kuweza simu ile, mbele ya wanafunzi wao, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki.

Ijumaa tulikwenda Samburu, mimi, Beryl na Profesa. Tukachuma majani mapya, kila pembe ya shamba. Jumamosi yakatoka safi, mistari yote imelala usingizi wa mchana. Profesa ndiye aliyerudi kumwambia Mbodze, kwa mdomo wake, na kumwomba radhi. Beryl alifuatana naye. Aliniambia mama yule alimsikiliza Profesa mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Sasa muhogo wenyewe uliokuwa ukiumenya ulikuwa mtamu?" Profesa akasema ulikuwa mtamu sana. Mbodze akasema, "Basi mwenye shamba lile ana msiba, na hajui."

Mimi sikwenda safari ile. Nilikuwa ofisini, nimekaa na jambo langu.

Kabla hajaondoka, Profesa alikuwa ameingia na kufunga mlango. "Hasina," aliniambia, "kikapu cha mama yako ni zawadi. Si sampuli. Hatukupewa ruhusa ya kukipima, na yeye si mkulima wa mradi. Hakuna kifungu cha makubaliano yetu kinachomgusa."

Alikuwa akinifungulia mlango wa kukwepa, mzee wa watu. Nilimshukuru kwa hilo. Shamba la mama ndilo lililonisomesha. Baba alipofariki sijaingia darasa la tano, na kuanzia siku ile kila daftari, kila sare, kila nauli ya kwenda chuo ilitoka kwenye ardhi ile, kwa muhogo wa kuchemsha na wa kukaanga aliouuza mpaka vidole vikakakamaa. Sasa mimi, na elimu ile ile, nikamwambie ang'oe?

Lakini inzi weupe hawasomi makubaliano. Nisitiri tutaipanda wapi, ikiwa mlangoni petu pana shamba linalougua nasi tunajua na tumenyamaza? Na ningemtazamaje Mbodze?

Jumapili nilikwenda kwa mama. Nilimwamkia, nikamwomba majani, nikamwambia kwa nini. Akanitazama.

"Chuma," akasema. "Tangu lini unaomba ruhusa ya jani kwangu?"

Beryl hakuniacha niyapime peke yangu. Alikuja Jumapili ile, akaosha vinu, akavichoma, akavipoza chumba kingine kabisa, akaweka na mchicha pembeni. Mchicha ukalala. Majani ya mama yakapanda, yote. Beryl alinivulia glovu mikononi, moja moja, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesahau kwamba nimezivaa.

Jumatatu asubuhi, siku ambayo shamba la Mbodze lingeng'olewa, nilikuwa uani kwa mama. Alikuwa ameketi anakuna nazi. Kwa kawaida mimi huanza kusema kabla sijavua viatu. Siku ile nilivua viatu, nikakaa chini, nikasema kwa ufupi.

"Shamba lina ugonjwa, mama. Lote. Hivyo vidoa unavyovichokoa ndio wenyewe."

"Si ni vidoa tu? Tunavila miaka yote."

"Havikuui wewe. Vinaua mihogo ya watu. Mwaka huu ni vidoa, mwaka ujao utachimba usipate cha kutia chunguni, na majirani nao vivyo hivyo."

Alikuna mpaka kifuu kikawa kitupu. Kisha akaniuliza, "Yule mama wa Samburu, shamba lake lingekuwa na ugonjwa kweli, ungeling'oa?"

"Ningeling'oa."

"Ungemwambia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama. Hapo hapo kwake."

"Na hiyo mashine yenu, leo waiamini?"

"Leo naiamini. Wallahi natamani nisingeiamini."

Akaweka mbuzi ya kukunia kando. Akainuka, akajifunga leso kiunoni, akapita mbele yangu mpaka mstari wa kwanza wa shamba, ule unaoanzia ukutani pa jiko, ambao aliupanda na baba. Nilimfuata. Nilikuwa nimekwisha anza kulia, wala sikujificha.

"Basi hukunionea," akasema. Akaushika mti kwa mikono miwili, karibu na ardhi, akapanua miguu. Ukatikisika tu, haukutoka. Akageuza uso kunitazama.

"Sasa wasimama hapo ukilia, au washika upande huo? Mgongo wangu si wa juzi."

Nikashika upande wangu, tukavuta.